Kilo Themanini

Liko rafuni, kati ya pasi na jiko la gesi,
sanduku jeusi, kona moja imechunika,
jina la kampuni limebaki herufi tatu.
"Laki mbili," anasema Likwata, "na hiyo ni kwa sababu yako."
Kwa sababu yangu! Hata jina langu halijui.

Nimeleta gitaa ndani ya gunia la salfa,
vumbi la njano limekaa kwenye nyuzi.
Mama yuko mlangoni juu ya kreti la soda,
pesa ya mnada wa pili imefungwa kwenye pindo la kanga.

Nawasha.
Kabla ya noti yoyote nausikiliza ukimya wake,
maana amplifaya hujulikana ingali haijaguswa.
Inavuma
kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha akaghairi.
"Huo ni umeme wa Masasi," anasema Likwata, "si mashine."
Nachomeka tundu la pili, mbali na friji.
Uvumi unapungua. Kumbe hakusema uongo wote.

Kitufe cha besi kinakwaruza kama kijiko kwenye ukoko.
Nakizungusha mara kumi, kinatulia:
huo si ugonjwa, ni uvivu wa kukaa dukani.
Uzi wa sita mnene, umeshiba.
Uzi wa kwanza unachoma,
moshi wa maganda ya korosho ukiingia machoni.
Namba nne, bado mtu mzima.
Namba tano, anaanza kusemea menoni.
Namba saba sauti inapasuka,
makufuli ya Likwata yanacheza ukutani,
na kijana wa saluni ya jirani anapaza: "Hapo hapo!"

Kwake ni hapo hapo.
Mimi nitapiga harusi za Chikundi na Lulindi,
chini ya turubai, jenereta likikoroma ubavuni,
na bibi harusi ana haki ya kusikia jina lake.

Laki mbili, mimi naona noti. Mama anaona kilo.
Msimu huu kilo ilikwenda elfu mbili na kidogo,
makato yakala hicho kidogo.
Basi kilo mia.
Kilo moja ni korosho mia na themanini,
na kila moja ilianguka,
na kila iliyoanguka iliinamiwa,
ikanyongwa kutoka kwenye bibo lake.
Piga hesabu hiyo ya mgongo, wewe uliyesoma.
Mimi nilifika elfu kumi nikaacha.

Mama anainuka. Hajashika gitaa maishani.
Anagonga ubavu wa sanduku kwa kifundo cha kidole,
kama anayepima boga.
"Mbao. Nilidhani plastiki."
Kisha: "Ikifa, nani anaifufua?"
Likwata anamtaja Nambunga, fundi redio, nyuma ya soko.
"Aitwe."

Nambunga anakuja na bisibisi sikioni,
anafungua mgongo, ananusa
kama mtu anavyonusa maziwa ya jana.
"Haijaungua. Transfoma nzima.
Ila spika hii siyo iliyozaliwa nayo."
Likwata anatazama dari.

"Teremsha," Mama ananiambia.
Tatu.
"Bado."
Mbili.
Napiga kile kipande ninachopiga usiku kitandani,
bila waya, bila mtu,
na sanduku linakisema chote, haliongezi chumvi,
hata kidole changu cha tatu kinavyochelewa.
Nikaona haya. Nikalipenda.

Laki moja na sitini, na waya juu yake.
Likwata anahesabu mara mbili, Mama mara tatu.

Bodaboda haitaki.
Anasokota kanga, anaweka kata, analipandisha kichwani,
vitufe vikitazama mbele.
Namfuata na gunia langu,
na kila hatua, ndani ya sanduku,
kitu kidogo kinalia: ting.
Hicho Nambunga hakukinusa.

Mama hageuki.
"Hicho," anasema, "kilikuwa kilo tano."